Upimaji wa damu: darasani au mlangoni kwa kadhi?

Tangu Januari 2026, raia wa Oman anayetaka kuoa au kuolewa hana budi kupimwa afya kabla ndoa haijafungwa. Kwa miaka mingi uchunguzi huo ulikuwa wa hiari. Sasa ni sharti. Miongoni mwa maradhi yanayotafutwa ni selimundu, ambayo wengi wetu tunaijua zaidi kwa jina la sikoseli, na thalasemia. Haya ni maradhi mawili ya damu yasiyoambukizwa kwa kugusana wala kwa chakula, bali mtoto huyarithi kutoka kwa wazazi wake wote wawili. Kwa uamuzi huo Oman imefuata njia iliyokwishapitwa na jirani zake. Saudi Arabia na Bahrain ziliweka sharti kama hilo mwaka 2004.

Serikali inapotangaza sharti, watu hudhani kazi imekwisha. Takwimu za Saudi Arabia zinasema vingine. Katika mwaka wa kwanza wa sharti hilo, kati ya wachumba walioambiwa kwamba wote wawili wamebeba vinasaba vya maradhi haya, ni asilimia 9.2 tu waliovunja uchumba. Waliosalia, zaidi ya tisa katika kila kumi, waliendelea na harusi huku wakijua. Sheria haikuwakataza, na si rahisi kuona kwa haki gani ingewakataza. Kufikia mwaka 2009 waliovunja uchumba walikuwa wamefika asilimia 51.9. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa muda mfupi, na wataalamu wa nchi hiyo wana haki ya kujivunia. Hata hivyo, karibu nusu ya wachumba hao bado walikuwa wakiingia katika ndoa ambayo kila mimba yake ina hatari ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Watu hawa hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walipelekewa habari wakati ambapo habari haina tena pa kukaa. Yeyote aliyewahi kushughulikia posa anaelewa. Barua imekwenda na kurudi, wazee wamekula kiapo cha undugu, mahari yametajwa, ukumbi umelipiwa, na shangazi aliye ng'ambo amekwisha kukata tiketi ya ndege. Katika wiki hiyo ndipo kijana anapokabidhiwa karatasi ya maabara. Kuvunja uchumba hapo ni kumfedhehesha binti wa watu, na ni kuwapa majirani nafasi ya kuuliza ana kasoro gani. Uchunguzi wa kisayansi uliofanywa Saudi Arabia katika miaka ile uliwauliza wachumba kwa nini waliendelea, na majibu yalikuwa hayo hayo: maandalizi yamekwisha kufika mbali, na aibu haibebeki.

Kwa hiyo swali linaloikabili Oman, na linalozikabili pia nchi za Afrika Mashariki ambako maradhi haya yameenea zaidi, linahusu umri. Mtu aijue damu yake akiwa na miaka mingapi?

Wanafunzi 5,685

Jibu mojawapo lilijaribiwa Bahrain, kisiwa kidogo ambacho ukubwa wake hauzidi sana nusu ya kisiwa cha Unguja. Katika mwaka wa masomo wa 1998 na 1999, kundi la wataalamu wakiongozwa na Dokta Shaikha Al-Arrayed, mtaalamu wa vinasaba, walizitembelea shule za sekondari za nchi hiyo. Kwanza walitoa mihadhara juu ya maradhi ya damu ya kurithi. Baada ya hapo wakachukua damu ya wanafunzi wa darasa la 11, vijana wa miaka 16 na 17. Waliopimwa walikuwa 5,685 kutoka shule 38.

Asilimia 13.8 ya wanafunzi hao walikutwa ni wabebaji wa selimundu, yaani takriban mmoja katika kila saba. Asilimia 2.9 walikuwa wabebaji wa thalasemia. Waliokuwa na ugonjwa wenyewe wa selimundu walizidi kidogo mmoja katika kila mia. Na asilimia 23.2 walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo ambalo nitalirejea.

Tuzilete tarakimu hizi ndani ya chumba. Darasa la wanafunzi 30 nchini Bahrain lilikuwa na wabebaji wa selimundu wanne hivi. Wamekaa humo wakicheka, wakinakili ubaoni, wakicheza mpira jioni, na hakuna dalili yoyote iliyowatenga na wenzao. Mbebaji si mgonjwa. Anaweza kuishi miaka 80 asijue kitu, mpaka ampate mwenzake aliye kama yeye wakazaa.

Matokeo ya juhudi za Bahrain yanaonekana hospitalini. Katika miaka ya 1984 na 1985, asilimia 2.1 ya watoto waliozaliwa na kupimwa walikuwa na ugonjwa wa selimundu. Mwaka 2002 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.9, na mwaka 2010 kilikuwa asilimia 0.4. Haitakuwa haki kuzipa shule sifa yote. Ushauri kwa wachumba ulikuwa umeanza kabla yake, sheria ya 2004 ikafuata, na kulikuwa na kampeni za muda mrefu katika magazeti na televisheni. Lakini ni dhahiri kwamba kijana aliyepimwa akiwa darasa la 11 alifika kwenye posa yake, miaka saba au kumi baadaye, akiwa na jambo la kusema kabla hajaulizwa. Kwake yeye kipimo cha kabla ya ndoa kilithibitisha tu alichokwisha kukijua.

Shilingi mbili hewani

Ni vyema kueleza hapa jinsi urithi huu unavyokwenda, maana hata baadhi ya watu waliosoma huukosea. Rangi nyekundu ya damu inatokana na himoglobini, kitu kinachobeba hewa ya oksijeni na kuisambaza mwilini. Maelekezo ya kuitengeneza huja mara mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Aliyepata maelekezo mamoja mazima na mamoja yenye kasoro ni mbebaji. Yale mazima yanamtosha. Aliyepata yenye kasoro pande zote mbili ndiye mgonjwa. Katika selimundu, chembe zake nyekundu hujikunja mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kiharusi hata kwa mtoto, na udhaifu mbele ya maambukizi. Katika thalasemia kali, mwili hauwezi kutengeneza himoglobini ya kutosha, na mgonjwa huongezewa damu kila baada ya wiki chache maisha yake yote, pamoja na dawa za kuyaondoa madini ya chuma yanayorundikana mwilini kwa sababu ya damu hiyo.

Wabebaji wawili wakioana, ni kama kila mmoja anarusha shilingi hewani kila mimba inapotungwa. Kuna nafasi moja katika nne kwamba zote zitaangukia upande wenye kasoro, mtoto awe mgonjwa. Kuna nafasi moja katika nne kwamba hataguswa kabisa, na nafasi mbili katika nne kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Wapo wazazi wanaoambiwa "mmoja kati ya wanne" wakaelewa kwamba, maadamu wa kwanza amekuwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Shilingi haina kumbukumbu. Kuna familia zenye watoto watatu na wote watatu wanaumwa, na kuna nyingine zenye sita na hakuna hata mmoja.

Kosa la pili ni kudhani kwamba selimundu na thalasemia hazikutani. Mbebaji wa selimundu akioana na mbebaji wa thalasemia aina ya beta, mtoto anaweza kurithi vyote viwili, na ugonjwa unaotokea huweza kuwa mkali kama selimundu yenyewe. Kwa jamii za Ghuba, ambamo damu za pwani ya Afrika, Bara Arabu, Uajemi, Baluchistan na Bara Hindi zimechanganyika kwa karne nyingi, hili linatokea kweli.

Kosa la tatu linahusu ndoa za jamaa. Oman, kwa mujibu wa utafiti wa miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya ndoa zilikuwa baina ya watu wenye undugu wa damu. Ni kweli kwamba binamu wawili wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kasoro moja waliyoirithi kwa babu mmoja. Lakini undugu hauizalishi kasoro hiyo; unaikutanisha tu. Binamu wawili waliopimwa na mmoja wao akakutwa hana kasoro hawana la kuogopa kuhusu maradhi haya mawili, na wageni wawili waliokutana chuo kikuu wanaweza kuwa wote ni wabebaji. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake "msioane ndugu, basi" amewapa nusu ya somo, na pengine amewakosea adabu wazazi wao.

Upungufu wa G6PD ni habari nyingine. Oman, utafiti wa kitaifa wa mwaka 1995 uliukuta kwa takriban robo ya watoto wa kiume na mmoja katika kila kumi wa kike. Mwenye hali hii hahitaji kubadili mipango yake ya ndoa. Anahitaji kujua ni dawa zipi za kuepuka, ikiwamo dawa ya malaria iitwayo primakwini, na kwamba sahani ya maharagwe mapana, yale yanayoitwa ful, inaweza kumvunjia chembe za damu na kumfikisha hospitali akiwa na macho ya manjano. Mwanafunzi anayepewa jibu hili huondoka na kitu cha kumfaa jioni hiyo hiyo. Ndiyo moja ya sababu zinazofanya upimaji wa shuleni ukubalike kwa wazazi ambao wangeshtuka kusikia neno "ndoa" likitajwa mbele ya binti yao wa miaka 16.

Damu ya nani?

Kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika mabaraza ya Ghuba, nalo ni kwamba selimundu ni maradhi yaliyotoka Afrika. Kauli hiyo ina sumu, hasa kwa familia zilizorejea Oman kutoka Zanzibar na bara baada ya 1964 na kuendelea katika miaka ya 1970, ambazo hazikukosa wa kuwahesabia nasaba.

Sayansi inaijibu kauli hiyo vizuri. Kasoro ya selimundu ina aina zaidi ya moja, na wataalamu wanaweza kuzifuatilia kwa alama zinazoizunguka. Iko aina inayoitwa ya Benin, iko ya Kibantu, na iko ya Uarabuni na India. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotawala mashariki mwa Saudi Arabia, huko Qatif na Al-Ahsa, na Bahrain pia. Haikuletwa na jahazi kutoka Bagamoyo. Oman, watafiti wamezikuta zote tatu, jambo ambalo halimshangazi yeyote anayejua historia ya bahari ile.

Kilichoifanya kasoro hiyo idumu ni malaria, na hilo liligunduliwa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kulikokuwa na mbu, na ni wachache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa maneno mengine, mababu waliobeba kasoro hii ndio walionusurika homa wakazaa. Somo la shule linaloanza na habari hiyo humwondolea mwanafunzi dhana ya laana, na humwondolea pia jirani yake dhana ya ukoo safi na ukoo mchafu.

Pale ilipoharibika

Tusijidanganye kwamba kupima peke yake ni heri. Katika mji mdogo wa Orchomenos nchini Ugiriki, karibu robo ya watu walikuwa wabebaji wa selimundu. Wataalamu waliwapima, wakawashauri, kisha wakarudi miaka kadhaa baadaye, katika miaka ya 1970, kutazama. Ndoa baina ya wabebaji wawili hazikuwa zimepungua kuliko ambavyo zingetokea kwa bahati tu. Kilichoongezeka ni fedheha: waliojulikana kuwa wabebaji walipata taabu kuolewa, na baadhi walificha majibu yao. Mji uligawanywa kwa karatasi za maabara.

Marekani ilifanya kosa la aina yake. Mapema miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalipitisha kwa haraka sheria za kuwapima Wamarekani weusi, baadhi yao yakiandika sheria bila kutofautisha mbebaji na mgonjwa. Watu wazima wenye afya walijikuta wakinyimwa kazi au kutozwa bima ghali zaidi. Chuo cha Jeshi la Anga cha nchi hiyo kiliwakataa wabebaji hadi mwaka 1981. Kizazi kizima cha Wamarekani weusi kilibaki na mashaka juu ya kipimo hicho, na ni vigumu kuwalaumu.

Kinyume chake ni Montreal, Kanada. Huko wanafunzi wa sekondari kutoka jamii zenye hatari kubwa walifundishwa na kupimwa kwa hiari, kwanza ugonjwa wa Tay-Sachs na baadaye thalasemia. Ripoti ya miaka 20, iliyochapishwa mwaka 1996, ilionyesha kwamba watoto waliozaliwa na maradhi hayo walipungua kwa asilimia 90 hadi 95. Matokeo hayo hayawezi kuhamishwa hivi hivi mpaka Muscat au Mwanza, kwa sababu sehemu yake ilitokana na kupima mimba na uwezekano wa kuitoa, suala ambalo dini na sheria zetu zina kauli yake. Kinachohamishika ni utaratibu: walifundisha kwanza, wakaomba ridhaa, wakapima, na jibu likawa mali ya aliyepimwa.

Mwanafunzi wa dawati la nyuma

Kuna mtu mmoja ambaye mipango mingi humsahau. Katika shule kubwa yoyote ya Bahrain, ya Qatif au ya Mwanza, baadhi ya wanaosikiliza somo ni wagonjwa wa selimundu wenyewe. Wamekosa masomo kwa wiki mbili kwa sababu ya maumivu, wamerudi, na sasa mgeni kutoka wizarani anaeleza mbele ya wenzao jinsi taifa linavyoweza kupunguza idadi ya watoto walio kama wao.

Mtoto huyo anasikia nini? Kama mhadhara umeandaliwa vibaya, anasikia kwamba yeye ni ajali iliyopaswa kuzuiwa. Wenzake wanasikia hivyo hivyo, na wakati wa mapumziko watamwambia. Sidhani kuna njia ya kulifundisha somo hili kwa uadilifu bila kuanza na yeye: nini kinamletea maumivu, kwa nini anahitaji kunywa maji mengi na kujikinga na baridi, kwa nini asilazimishwe kukimbia juani, na kwamba kuna dawa. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza isiyo ya gharama kubwa, hupunguza maumivu na vifo, na utafiti uliotangazwa mwishoni mwa 2018 na kuhusisha watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola ulithibitisha kwamba inafaa katika mazingira ya Afrika. Matibabu mapya ya kurekebisha vinasaba yaliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023, na Bahrain ikafuata wiki chache tu baadaye. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kisiwa chenye mafuta huenda kikaimudu kwa wachache. Hospitali ya mkoa nchini Tanzania itaendelea kwa muda mrefu kutafuta haidroksiyurea.

Kuhusu siri za upimaji, nazo hazihitaji nadharia ndefu. Orodha ya majibu isikae kwa mwalimu mkuu. Asiyetaka kupimwa asiulizwe sababu mbele ya darasa. Na wapimaji wajue kwamba damu husema hata isiyoulizwa: mtoto akikutwa mgonjwa wa selimundu na baba yake akapimwa akakutwa hana kasoro yoyote, kuna jambo zito limefunuliwa ndani ya nyumba hiyo. Anayepima lazima aamue kabla ya sindano, si baada yake, atafanya nini na habari ya namna hiyo.

Mraba wa mtihani

Afrika Mashariki ina mzigo mkubwa kuliko Ghuba nzima. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa kabisa duniani. Uganda, uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga uliofanywa 2014 na 2015 ulikuta wabebaji asilimia 13.3, karibu sawa kabisa na wanafunzi wa Bahrain. Katika wilaya za Bundibugyo na Alebtong walizidi mmoja katika kila watano.

La kustaajabisha ni kwamba shule zetu zimekuwa zikilifundisha somo hili kwa miongo. Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanzania au Kenya, hujifunza urithi katika Baiolojia, na selimundu ni mfano wa kawaida. Huchora mraba wenye vyumba vinne, akaweka herufi za baba juu na za mama ubavuni, akapata uwiano, akapewa alama. Kisha hutoka kwenye chumba cha mtihani akaenda kuishi, akaoa, akazaa, bila mtu kumwuliza herufi zake mwenyewe ni zipi. Mtoto akianza kuvimba vidole na kulia usiku, huyo huyo aliyepata alama nzuri katika urithi atasikia kwamba ni baridi yabisi au kijicho cha jirani, na mara nyingi mama ndiye atakayelaumiwa, ingawa mraba aliouchora ulikuwa na herufi za baba pia.

Kikwazo cha vifaa, kilichokuwa hoja nzito miaka 20 iliyopita, kimepungua. Vipo sasa vipimo vinavyotumia tone moja la damu na kutoa jibu la selimundu kwa dakika chache, kwa bei ya dola chache tu, bila umeme wala maabara kubwa. Kikwazo kilichobaki ni mtu wa kulieleza jibu. Mtoto wa miaka 16 anayeambiwa "wewe ni mbebaji" na mtu mwenye haraka ataondoka akiamini anaumwa. Na wapo wengi wasiofika kidato cha nne kabisa. Kwao somo hili litabidi literemke hadi shule ya msingi, au lifuate njia ya kliniki, msikiti na kanisa.

Posa kwa simu

Sisi tuliotawanyika tuna sababu yetu ya kulipenda darasa kuliko sharti la ndoa. Familia ya leo haina kadhi mmoja. Kijana yuko Leicester, binti yuko Muscat, walii yuko Mombasa, na nikahi inasomwa Dubai kwa sababu tiketi zilikuwa nafuu. Sheria ya Oman inamfuata raia wa Oman, lakini kuna ndoa chungu nzima za jamii zetu ambazo hazipiti katika ofisi yoyote inayouliza habari za damu. Alichofundishwa mtu akiwa na miaka 16 husafiri naye kokote aendako.

Wazazi walioko Uingereza na Marekani huamini kwamba huko mambo yamekwisha kufanywa, na kwa kiasi fulani wana haki. Majimbo yote ya Marekani yamekuwa yakipima selimundu kwa watoto wachanga tangu 2006, na Uingereza hufanya hivyo kwa tone la damu la kisigino. Mtoto akikutwa mbebaji, wazazi huarifiwa. Lakini barua hiyo humfikia mama mwenye kichanga cha wiki chache, asiyelala usiku, na pengine asiyesoma Kiingereza cha hospitali vizuri. Huwekwa kwenye mkoba wa vyeti, familia huhama nyumba mara mbili, na mtoto hufikisha miaka 20 bila kuambiwa. Kijana anaweza kumwuliza daktari wake wa kawaida majibu hayo yaliandikwaje, na kama hayapatikani, akaomba kupimwa upya.

Aombe pia kupimwa thalasemia, hata kama majibu ya utotoni yapo. Kipimo cha kisigino cha Uingereza hakikuwekwa kwa ajili ya kumtambua mbebaji wa thalasemia, na mbebaji huyo akipimwa damu ya kawaida ukubwani huonekana kama mwenye upungufu wa madini ya chuma. Wapo waliomeza vidonge vya chuma kwa miaka bila damu yao kubadilika, na jibu lilikuwa katika kipimo kingine ambacho hakuna aliyekiomba.